Nani Alipie Taa za Korido? Mgawanyo wa Gharama za Pamoja kati ya Idara za Chuo Kikuu



Mwaka 1991 kamati ndogo ya Bunge la Marekani, ikiongozwa na mbunge John Dingell, ilimweka kitako Donald Kennedy, rais wa Chuo Kikuu cha Stanford, imhoji kuhusu gharama za pamoja. Serikali ilikuwa mteja mkubwa wa utafiti wa chuo hicho, na juu ya kila dola 100 za utafiti wenyewe ilikuwa ikidaiwa dola 74 nyingine za umeme, majengo, maktaba, uhasibu na ofisi za wakubwa. Wakaguzi walipolifungua fungu hilo walikuta ndani yake uchakavu wa mashua ya kifahari iliyoitwa Victoria, iliyokuwa chini ya idara ya michezo. Mbele kidogo wakakuta maua na samani za nyumba ya rais wa chuo. Kiwango kikateremshwa hadi asilimia 55.5, Kennedy akatangaza kung'atuka, na serikali ikaviwekea vyuo vyote ukomo wa asilimia 26 kwa sehemu ya utawala. Mwaka 1994 shauri likafungwa: Stanford ikarudisha dola milioni 1.2, na serikali ikatamka kwamba haikuwa na madai ya ulaghai. Mashua ile iliingia vitabuni kwa makosa ya uhasibu.

Wengi hukisimulia kisa hiki kama habari ya tamaa. Mimi hukifundisha kama somo la hesabu. Kanuni za serikali za kugawa gharama hizo zilikuwapo tangu 1958, ndefu na makini: majengo yagawanywe kwa eneo, maktaba kwa idadi ya watumiaji, utawala kwa ukubwa wa matumizi. Lakini ukishaitia mashua ndani ya fungu, fomula haitakuuliza imefikaje humo. Itaigawa vizuri kabisa, hadi senti ya mwisho, na Idara ya Fizikia italipa sehemu yake ya tanga.

Katika vyuo vyetu mjadala huu karibu kila mara huanzia katikati. Amidi wa Biashara anasema wanafunzi wake wengi wasigeuzwe ng'ombe wa maziwa, amidi wa Sayansi anasema maabara hazikujengwa kwa anasa, na wote wawili wanagombania kigezo: tugawe kwa vichwa, kwa mita za mraba au kwa mapato? Kilichomo ndani ya fungu hakiulizwi. Wala haiulizwi nani anabebwa na nani, na kwa uamuzi wa kikao gani. Ninachotetea jioni hii ni kwamba fomula ibebe gharama tu. Huruma, yaani uamuzi wa kuilinda idara isiyoweza kujilipia, iwe na fungu lake, lijadiliwe hadharani na lipigiwe kura. Tukizichanganya hizo mbili hatutajua nani ni mzembe na nani anahitaji msaada.

Kwanza tukubaliane tunazungumzia nini. Gharama za pamoja ni ofisi ya Msajili, ofisi ya Bursa, rasilimaliwatu, ulinzi, usafi, intaneti, maktaba, zahanati, matengenezo ya majengo, ukaguzi wa ndani, mikutano ya Baraza na Seneti, na magari yanayopeleka watu kwenye mikutano hiyo. Tabia yake kubwa ni kwamba nyingi hazipungui idara moja ikiondoka. Ifunge Idara ya Jiolojia leo jioni, na kesho mlinzi wa getini atalipwa mshahara uleule. Kwa hiyo mtu akikuambia amekokotoa sehemu ya kweli ya gharama za Msajili inayosababishwa na Falsafa, mpe kiti apumzike. Sehemu hiyo haipo. Kuna sehemu zinazoweza kutetewa na zisizoweza, basi.

Nyumba ya kupanga yenye mita moja ya LUKU inalijua jambo hili kuliko kitabu chochote cha uhasibu. Wapangaji sita: mmoja ana friji, mmoja fundi cherehani anayepiga pasi kutwa, mmoja ana taa moja na anarudi saa nne usiku. Wakichanga sawa kwa sawa, pasi haizimwi. Wakichanga kwa vyumba, mwenye vyumba viwili na watoto wachanga ananung'unika. Mwishowe wanafunga mita ndogo, kila mtu na yake, ugomvi unapungua, na inabaki taa ya uwani na ya chooni. Hiyo taa iliyobaki ndiyo gharama ya pamoja. Mengine yote yalikuwa matumizi ya mtu binafsi yaliyokosa kupimwa. Chuo nacho kianzie hapo. Jokofu la maabara linalohifadhi sampuli usiku kucha, mashine za karakana ya Uhandisi, gesi ya Kemia, simu za ofisi ya amidi: vipimike, vilipwe na mwenyewe, vitoke kwenye fungu. Kadiri fungu linavyokuwa dogo, ndivyo kigezo kinavyopunguza uwezo wa kudhulumu.

Na uwezo huo si mdogo. Tuseme chuo kina idara tatu na gharama za pamoja za shilingi milioni 100. Kiswahili kina wanafunzi 300 na mita za mraba 400. Kemia ina wanafunzi 100 na mita 1,200. Biashara ina wanafunzi 600 na mita 400. Ukigawa kwa wanafunzi, Kiswahili kinalipa milioni 30, Kemia milioni 10, Biashara milioni 60. Ukigawa kwa eneo, Kiswahili milioni 20, Kemia milioni 60, Biashara milioni 20. Mkuu wa Kemia amepanda kutoka 10 hadi 60 bila kununua hata bika moja. Vigezo vyote viwili ni halali na kila kimoja kina mantiki yake, ila kila kimoja kinafaa kwa gharama fulani tu. Usajili na zahanati vinafuata wanafunzi, mishahara na likizo vinafuata idadi ya watumishi, usafi na ukarabati wa paa vinafuata eneo. Kosa ni kuchukua kigezo kimoja, kwa kawaida kile kilichokuwa rahisi kupatikana kwenye kompyuta ya Bursa, na kukitumia kwa kila kitu.

Kuna ugumu mmoja wa kifundi ambao sitaukalia. Ofisi za utawala zinahudumiana zenyewe kwa zenyewe: rasilimaliwatu inawalipa watu wa intaneti, na watu wa intaneti wanaendesha mfumo wa rasilimaliwatu. Njia ya moja kwa moja inapuuza jambo hilo. Njia ya ngazi inashusha gharama ofisi moja baada ya nyingine bila kurudi nyuma, na njia ya kuhudumiana inakokotoa yote kwa pamoja kwa milinganyo. Kompyuta ya leo inamaliza hiyo ya tatu kwa dakika moja, na majibu mara nyingi hayatofautiani sana. Msipigane hapo.

Penye kufikirisha ni kwenye vitu vikubwa vinavyotumiwa kwa viwango tofauti. Mwaka 1953 mwanahisabati Lloyd Shapley, ambaye mwaka 2012 alishiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi, alijiuliza mgao unaofaa uwe na sifa gani. Akataka gharama yote ilipwe isibaki wala isizidi, wanaotumia sawa walipe sawa, na asiyeongeza gharama yoyote asilipe kitu. La nne ni la kitaalamu zaidi: mgao wa umeme na mgao wa ulinzi, ukikokotolewa mbalimbali kisha ukajumlishwa, utoe jibu lilelile kama ungekokotolewa kwa pamoja. Akathibitisha kwamba kuna njia moja tu inayotimiza masharti hayo. Miaka 20 baadaye, mwaka 1973, Littlechild na Owen waliitumia njia hiyo kwenye njia ya kurukia ndege ya uwanja wa Birmingham, Uingereza. Ndege ndogo haihitaji njia ndefu, kwa hiyo kipande cha kwanza kinalipwa na ndege zote, kipande kinachofuata kinalipwa na zile zinazokihitaji, na kipande cha mwisho kinalipwa na ndege kubwa peke yake.

Ichukueni hesabu hiyo mkaiingize kwenye jengo lenye lifti. Tuseme lifti ya kufika ghorofa ya kwanza ingegharimu milioni 30, ya kufika ya pili milioni 40, ya kufika ya tatu milioni 46, na kila ghorofa ina idara moja. Milioni 30 za mwanzo zinawahusu wote watatu: 10 kila mmoja. Milioni 10 za nyongeza zinawahusu wawili wa juu: 5 kila mmoja. Milioni 6 za mwisho ni za ghorofa ya tatu peke yake. Wa kwanza analipa milioni 10, wa pili 15, wa tatu 21. Idara iliyo chini kabisa, usawa wa ardhi, isiyohitaji lifti, hailipi kitu. Fomula ya mita za mraba ingeitoza na yenyewe, na mkuu wake angekuwa na haki ya kupiga kelele, maana hakuna siku aliyobonyeza kitufe. Hapa ndipo ninapopata kipimo cha chini kabisa cha haki: idara yoyote isitozwe zaidi ya ile ambayo ingelipa kama ingejitegemea kwa huduma hiyo. Ikizidi hapo, idara hiyo inamfadhili mwenzake bila kuambiwa.

Msidhani haya ni ya ubaoni tu. Katika miaka ya 1970, Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, kilikuwa na tatizo la bili za simu za masafa marefu. Chuo kilikodi laini za aina mbalimbali kwa bei za jumla, nyingine za bei nafuu na nyingine ghali. Sasa Idara ya Historia ikipiga simu California alasiri, itozwe shilingi ngapi, au tuseme senti ngapi za huko? Billera, Heath na Raanan, wakitumia nadharia iliyotokana na kazi ya Shapley na Robert Aumann, walikokotoa bei za ndani ambazo zikijumlishwa zinalipa bili nzima barabara. Wakachapisha kazi hiyo mwaka 1978. Mimi hupenda kuwatajia wanafunzi wangu jambo hili kwa sababu jibu lililotoka lilikuwa bei ambayo karani angeweza kuisoma kwenye jedwali, ingawa hesabu iliyoizaa ilikuwa nzito.

Neno bei nimelitumia kwa makusudi. Mwaka 1979 Jerold Zimmerman, mhasibu wa Chuo Kikuu cha Rochester, aliandika kwamba gharama ya pamoja ikishagawanywa kwa kigezo fulani inafanya kazi kama kodi juu ya kigezo hicho. Gawa kwa idadi ya watumishi, umetoza kodi ya kuajiri. Gawa kwa eneo, umetoza kodi ya vyumba. Wala kodi hiyo si lazima iwe mbaya. Kila chuo ninachokijua kina vyumba vilivyofungwa kwa kufuli, ndani yake kuna viti vilivyovunjika miguu na mashine za kudurufu zisizo na wino, na mkuu wa idara haviachii kwa sababu haviachii tu. Mtoze kwa mita ya mraba, utaona funguo zinarudishwa. Kinyume chake, ukigawa kwa mapato umetoza kodi ya juhudi: idara iliyoanzisha programu ya jioni na kuongeza ada inajikuta inabeba ulinzi na usafi wa chuo kizima. Ofisi za fedha hukipenda kigezo hicho kwa kuwa kinamkamua mwenye nacho. Mimi nakiona kibaya kuliko vyote, kwa sababu ni huruma iliyovikwa joho la hesabu.

Kuna mtego mwingine. Kiwanda cha uchapaji cha chuo kina gharama zisizobadilika, nazo zimegawanywa kwa kurasa. Idara moja inaona bei imepanda, inakwenda kuchapisha mtaani. Kurasa zinapungua, bei ya ukurasa inapanda tena, idara ya pili inaondoka. Baada ya miaka michache kiwanda kimebaki na mitihani peke yake na bei ya ukurasa inatisha. Ukitafuta mzembe hapo humpati: kila mkuu wa idara aliokoa fedha za idara yake, na chuo kikapoteza. Dawa yake ni kutenganisha gharama ya kuwapo kwa huduma na gharama ya kuitumia. Ya kwanza ilipwe kwa mchango wa mwaka usiobadilika, ya pili kwa ukurasa.

Sasa nifike kwenye jeraha letu wenyewe. Katika vyuo vingi vya Tanzania kuna kozi za lazima, Stadi za Maendeleo na stadi za mawasiliano zikiwa maarufu kuliko zote, ambazo hufundishwa na idara moja kwa wanafunzi wa idara nyingine. Mhadhiri anasimama mbele ya ukumbi uliojaa hadi mlangoni, halafu kwenye fomula ya Bursa idara yake inaonekana ina wanafunzi wachache, wale waliojisajili kwake. Ada ikigawanywa kwa wanaojisajili, idara hiyo inakufa njaa huku inafanya kazi. Gharama zikigawanywa kwa wanaofundishwa, inatozwa kwa vichwa ambavyo havikuiletea shilingi. Lazima kigezo kimoja kitumike pande zote mbili, mapato na gharama. Jambo dogo hili nimeliona likipuuzwa na watu wenye shahada tatu.

Makerere imetufundisha nini hutokea lisipoangaliwa. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 1990 chuo hicho kilipokea wanafunzi wa kujilipia, na ada yao ikagawanywa kati ya utawala mkuu na vitivo. Mahmood Mamdani, katika kitabu chake cha mwaka 2007 kuhusu mageuzi ya Makerere, ameonyesha vitivo vikishindana kubuni kozi na vikifundisha masomo ya wenzao ili ada isivuke mpaka. Mtu anaweza kulaumu soko, na Mamdani analilaumu. Mimi naongeza kwamba fomula iliwaonyesha njia. Ukimwambia mkuu wa kitivo kwamba mwanafunzi anayekwenda kusoma takwimu kwa jirani anaondoka na fedha, atafungua kozi ya takwimu nyumbani kwake, hata kama hana mwalimu wa takwimu.

Je, tuachane na fomula, Makamu Mkuu wa Chuo agawe kwa busara yake? Hapana. Busara isiyoandikwa huwa rahisi kwa wanaomfikia ofisini. Mifumo ya kugawa mapato na gharama hadi chini ina historia ndefu: Chuo Kikuu cha Pennsylvania katika miaka ya 1970, kisha Indiana, ambacho ni chuo cha umma, mwishoni mwa miaka ya 1980. Mfano ninaoupenda ni wa Toronto, Kanada, ulioanza mwaka wa fedha 2007/08. Huko gharama za pamoja zimewekwa kwenye mafungu 12, kila moja na kigezo chake. Kila kitivo kinaona mapato yake na gharama zake zote. Halafu asilimia 10 ya mapato inakatwa na kuingizwa kwenye Mfuko wa Chuo, nao unagawanywa kwa uamuzi wa kitaaluma wala si kwa fomula. Mfumo ulipoanza, mfuko huo ulitumika kuhakikisha hakuna kitivo kinachoshuka ghafla chini ya bajeti yake ya awali.

Angalieni kilichofanyika hapo. Kitivo kisichojitosheleza kinajulikana hakijitoshelezi, kiasi kinajulikana, na chuo kinasema: ndiyo, tunakibeba, na sababu ni hizi. Idara ya Falsafa au ya Fizikia haina haja ya kujificha nyuma ya kigezo kilichopindishwa. Na amidi wa Biashara, hata akiudhika, anaudhikia uamuzi anaoweza kuupinga kwenye Seneti.

Fedha za miradi ya nje zinahitaji neno. Kwa miaka mingi Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zimekuwa zikivilipa vyuo vya nje, vya kwetu vikiwemo, asilimia 8 tu juu ya gharama za mradi wenyewe kwa ajili ya gharama za pamoja, wakati vyuo vikubwa vya kwao vilipata zaidi ya asilimia 50. Mwaka 2025 taasisi hizo zilipotangaza kiwango cha asilimia 15 kwa wote, vyuo vya Marekani vilikimbilia mahakamani na mahakama ikauzuia uamuzi huo. Sisi tumeishi na karibu nusu ya kiwango walichokiita maangamizi. Maana yake ni kwamba kila mradi wa kigeni unaoingia chuoni unaongeza kazi ya Bursa, ulinzi wa magari na bili ya umeme kuliko unavyolipa, na tofauti inafidiwa na ada ya mwanafunzi wa Elimu. Uingereza angalau wanalijua pengo lao: tangu 2005 mabaraza yao ya utafiti yanalipa asilimia 80 ya gharama kamili, na kila mtu anajua asilimia 20 imebaki kwa chuo. Sisi hatujakokotoa. Tukatae miradi? La, lakini pengo liandikwe, na idara zenye miradi zisijigambe kwamba zinailisha nyumba nzima.

Mapendekezo yangu ni mepesi kuyasema. Mwaka wa kwanza isikusanywe hata shilingi kwa fomula mpya. Kila amidi apokee barua yenye safu mbili, alicholipa kwa utaratibu wa zamani na ambacho angelipa kwa mpya, pamoja na orodha ya kilichomo katika kila fungu. Kamati ya maamidi na wakuu wa idara wachache iwe na mamlaka ya kuiita ofisi yoyote ya utawala na kuihoji kwa nini gharama yake imepanda, maana ofisi inayoweza kuzipitisha gharama zake zote kwa wengine haina sababu ya kubana matumizi. Kigezo kikishapitishwa kisiguswe kwa miaka mitatu au minne, ili mkuu wa idara aweze kupanga.

Limebaki suala la maktaba, nalo ndilo nitakalopingwa. Ukigawa gharama yake kwa idadi ya vitabu vilivyoazimwa, umefanya kuazima kuwa dhambi. Ukigawa kwa wanafunzi, walio mbali na somo la vitabu watasema hawaingii. Na sehemu kubwa ya fedha zake siku hizi ni usajili wa majarida ya mtandaoni, ambayo ukishayalipia, msomaji wa elfu moja hagharimu kitu zaidi ya msomaji wa kwanza. Kitu ambacho mtumiaji wa ziada hakiongezei gharama hakifai kutozwa kwa matumizi. Kwa hiyo maktaba ningeitoa kwenye fomula kabisa, ilipiwe juu kwa juu kabla mgawanyo haujaanza, pamoja na Mfuko wa Chuo kama ule wa Toronto. Najua ndugu zangu wa ofisi ya fedha hawatapenda, kwa kuwa fungu hilo ni kubwa na ni vigumu kulikatia likishakaa juu. Mheshimiwa Mwenyekiti, naona mkono wa Bursa umeshanyooka. Tuanzie maswali hapo.